Pumzi Moja Katika "Bwana u Sehemu Yangu"

Kwetu wimbo huu ulikuwa wa misibani. Nyimbo za faraja zimo nyingi ndani ya kitabu chetu cha nyimbo, Tenzi za Rohoni, lakini jeneza likitoka tu kanisani, lazima mtu aanzishe "Bwana u Sehemu Yangu", na wote wanaudaka bila kitabu. Ndiyo maana tulinung'unika mwalimu wa kwaya alipoupanga kwa ibada ya Jumapili ya kawaida na kutaka tujifunze upya, kama wageni.

Kinanda hakukigusa. Kwanza tusome maneno kwa sauti ya kuzungumza, halafu tuhesabu silabi: mstari wa kwanza 8, wa pili 7, na kuendelea hivyo hivyo. Anayeimba kwa mazoea huvuta pumzi kila baada ya silabi ya 8, maana hapo tuni inatua. Lakini sentensi haijaisha. Unaimba "katika safari yangu", unavuta pumzi, ndipo "tatembea na wewe". Msafiri ameshaachwa njiani peke yake.

Dawa ni silabi zote 15 kwa pumzi moja. Sisi wa besi, sauti nzito ya chini, tulishindwa papo hapo. Tuliimba polepole mno, mwendo wa makaburini, hewa ikaishia kwenye "tatembea", mwisho ukazama. Mwalimu alipobonyeza kinanda baada ya ubeti, tulikuwa tumeshuka karibu nusu toni. Akaongeza mwendo kidogo. Akataka tujaze hewa chini, kiunoni, mabega yatulie, na tusiimwage yote kwenye "katika". Wenye pumzi fupi wapokezane: majirani wawili wakubaliane mapema, mmoja aibe pumzi, yaani aivute haraka bila kusikika, baada ya "katika", mwingine baada ya "safari", wasiibe pamoja, na asiwepo wa kuiba kwenye "yangu". "Wewe" nayo isimezwe; silabi yake ya mwisho huanguka kwa sababu watu hufunga mdomo mapema.

Tulipoipata, ubeti uliofuata sikuuimba. Nilikuwa na barua ya uhamisho mfukoni, kwenda Sumbawanga, mke na watoto wabaki Morogoro hadi shule zifungwe. Safari ya wimbo huu nilizoea kuwaachia marehemu. Jioni ile ilikuwa na basi, sanduku la bati na chumba cha kupanga.

Mwalimu hakujua habari za barua. Alikuwa akieleza kwamba maneno ya awali, ya 1874, ni ya Fanny Crosby, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mchanga, kwa hiyo ubeti wa tatu, unaoomba kuongozwa, usipigiwe kelele za ushindi. Nakubaliana naye, ila kiitikio, chenye "pamoja na wewe" mara mbili, kinastahimili sauti kubwa, mradi "pamoja" ya pili isigeuke mayowe.

Jumapili waumini waliimba kwa pumzi yao ya zamani, tukagongana nao kila tulipofika "yangu". Ulipoimbwa tena, mwalimu alibadilisha mpango: kwaya ianze ubeti wa kwanza peke yake, waumini waingie kwenye kiitikio, ambacho mwishoni kinarudia nusu ya pili ya ubeti, wakiwa wameshasikia sentensi inavyokwenda. Wengi walipita "yangu" bila kukata. Akina mama wa viti vya mbele walibaki na mwendo wao wa msibani, na mwalimu aliona heri awaache.