Siku moja ya madam wa fizikia Kibosho, na swali lililonifuata mpaka dukani

Saa 11 kasoro alfajiri simu inalia, naizima, inalia tena. Mwezi wa 8 huku Moshi baridi ya asubuhi haina adabu, na mimi naishi Pasua alafu shule ninayofundisha iko juu Kibosho, yani kila siku nikitoka kwenye baridi naifuata baridi nyingine. Chai, mkate, nimemuandaa mtoto, nimemwamkia mama mkwe ambaye ameshaamka kabla yangu (sijui huyu mama analala saa ngapi), nikatoka.

Saa 12 na robo niko kwenye Hiace. Mlima umetoka, mweupe kileleni, ila ndani ya gari hakuna anayeuangalia, kila mtu anapigania pa kuweka goti. Pale katikati ya njia mbuzi akakatisha barabara, dereva akakanyaga breki, wote tukainama mbele kama tunasali na ndoo ya nyanya ya mama mmoja ikalala, nyanya zikaviringika mpaka kwenye miguu ya dereva. Mama akawaka, "We dereva unatusukuma sisi mizigo?"

Sasa hapo mi ndo naumia. Gari haikumsukuma mtu. Gari, nyanya, mama na mimi wote tulikuwa tunakwenda mwendo mmoja, breki zikalishika gari, nyanya hakuna aliyezishika, kwahiyo zikaendelea na safari yake kama kawaida. Hiyo ndo sheria ya kwanza ya Newton, aliitoa 1687: kilichotulia kinabaki kimetulia, kinachokwenda kinaendelea hivyohivyo kwa mstari ulionyooka mpaka itokee kani, yani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ya kukibadilisha. Nikanyamaza lakini. Kuna siku nilimweleza konda mambo haya akanidai nauli mara mbili.

Saa 2, kipindi cha kwanza, kidato cha pili, wanafunzi 62. "Shikamoo madam." "Marahaba, kaeni." Leo ni vitu kudondoka. Shule ina mizani za springi tatu na moja springi yake imelegea haijui tena sifuri iko wapi, kwahiyo nilitumia mbili. Nikaning'iniza jiwe kubwa, nyutoni 20 (nyutoni ni kipimo cha kani, hapa ni jinsi dunia inavyolivuta). Jiwe dogo, nyutoni 4. Nikauliza nikiyaachia pamoja kutoka huku juu lipi litatangulia chini? Mikono karibu yote ikanyooka kwa jiwe kubwa, wachache wakasema yatafika pamoja na hao ni wale wanaorudia kidato, walishaniona mwaka jana.

Nikapanda juu ya meza (sketi ndefu, kijana mmoja kashikilia meza, wengine wanacheka), nikaachia. Paa! Mlio mmoja. Wakasema madam rudia umechezea. Nikarudia. Paa! Mlio mmoja tena. Darasa likachangamka kama kuna goli.

Kijana wa nyuma akaleta ubishi, mbona karatasi inachelewa? Nikachukua karatasi mbili sawasawa, moja nikaifinyanga ikawa kama kijiwe, nyingine nikaiacha wazi, nikaachia zote. Ya kijiwe ikafika zamani, ya wazi bado inazunguka zunguka hewani. Karatasi ni zilezile, uzito uleule, tofauti ni hewa inayoikinga ile iliyo wazi. Nikawaambia 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini ambako hakuna hewa akaachia nyundo na unyoya, vikatua pamoja. Video ninayo kwenye simu, lakini watu 62 na simu moja ni vurugu, nikapita nayo deski kwa deski mpaka chaji ikabaki asilimia 11.

Mpaka hapo mambo safi. Nikageuka ubaoni. Jiwe kubwa tungamo lake, yani kiasi cha jiwe lenyewe, ni kilo 2, linavutwa na dunia kwa nyutoni 20, gawanya, unapata 10. Dogo lina kilo 0.4, linavutwa kwa nyutoni 4, gawanya, 10 ileile. Kwahiyo mchapuko ni mmoja, kila sekunde moja kasi inaongezeka mita 10 kwa sekunde. Kwa herufi ndo rahisi zaidi, mvuto wa dunia ni m mara g, unaugawanya kwa tungamo m, m ya juu na m ya chini zinakatana, inabaki g, yani huo mchapuko. Nikafuta mikono chaki nikijua nimemaliza.

Binti mmoja wa dirishani, huwa haongei kabisa, akasimama. "Madam, ubaoni nimeona zimekatana. Ila huko nje kwenye mawe yenyewe zinakatanaje? Dunia imelivuta kubwa mara tano zaidi na mi nimeona kwenye mizani. Hiyo nguvu ya ziada imeenda wapi?"

Kengele ikaniokoa. Nikamwambia kesho ntakujibu, akasema sawa madam, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshaahidiwa kesho nyingi.

Saa 4 na dakika 40, chai. Nikalipeleka swali ofisini kwa walimu wenzangu. Mwalimu wa hesabu akasema zikikatana zimekatana, anataka nini tena. Mwalimu wa Kiswahili akasema tatizo liko kwenye lugha, mtaani neno uzito linabeba mambo mawili, na kweli, ukienda sokoni mtu anasema uzito kilo tano wakati kilo ni za tungamo, yani kiasi cha kitu chenyewe, na uzito ni kani ya dunia kukivuta, unapimwa kwa nyutoni. Ukipeleka kilo tano za mchele mwezini bado ni kilo tano na zitashibisha watu walewale, ila mizani ya springi itasoma moja ya sita. Akaongeza kwamba sisi tunafundisha kwa Kiingereza alafu mambo yakiwa magumu tunakimbilia Kiswahili kama mtu anayekimbilia kwa mama. Nikala chapati yangu kimya maana ndivyo ninavyofanya kila siku.

Kucheka swali la mwanafunzi mimi siwezi. Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu, alipokuwa mwanafunzi wa sekondari akauliza mbona maziwa yake ya moto ya aiskrimu yameganda kabla ya yale yaliyopoa, alichekwa na mwalimu na wenzake. Baadaye akaandika makala pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, ikatoka 1969, na wakati huo alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapahapa jirani yetu. Leo watu wa fizikia duniani bado wanabishana kuhusu jambo lenye jina lake. We mcheke huyo binti wa dirishani uone.

Saa 6, kidato cha nne, prakitiko ya pendulamu. Hii naipenda sababu haihitaji maabara, kamba na kijiwe tu. Kamba mita 1, unasogeza kijiwe pembeni kidogo, unaachia, unahesabu kwenda na kurudi mara 20, unapiga muda. Kwanini 20 na sio moja? Kwa sababu kidole kinachelewa kubonyeza simu, na ukipima mara moja kosa lote linaiangukia hiyo moja, ukipima 20 mnagawana. Kundi la kwanza likapata sekunde 40.3, ukipiga hesabu g inatoka 9.72, nzuri sana kwa kamba ya katani. Kundi la pili wakaja na 10.8 na wanajiamini kweli. Nikawaambia hesabuni tena mi nasikiliza, wakaachia kijiwe papo hapo wakasema "moja!" Nikajua. Unapoachia ni sifuri, bado hakijaenda popote, wao walikuwa wanapima 19 wanagawanya kwa 20. Kosa hili nalikuta kila mwaka, na kwenye mtihani linakula maksi kimyakimya.

Mmoja akauliza jibu kamili ni ngapi. Nikamwambia inategemea umesimama wapi, karibu na ikweta kama sisi ni kama 9.78, ncha za dunia ni kama 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba kidogo katikati. Vitabu vinaandika 9.8, mtihani unakwambia tumia 10, usibishane nao.

Alafu nikawaambia wabadilishe kijiwe, waweke kizito mara tatu. Muda uleule. Wakaandika, wakaendelea na maisha yao. Mimi ndo nikabaki nimekodoa macho, swali la yule binti liko pale linaning'inia kwenye kamba.

Mchana makande, kusahihisha madaftari, kikao kifupi kilichokuwa kirefu. Tupite.

Saa 10 jioni nikashuka mjini, nikapitia Mbuyuni kununua mboga. Mbele yangu kuna vijana wawili wana mikokoteni, mmoja kabeba gunia moja la viazi, mwingine magunia matano. Wa gunia moja kausukuma kwa mkono mmoja, anachat. Wa matano kainama, mishipa ya shingo imesimama, mkokoteni hautaki hata kuanza, mpaka wakaja wenzake wanne kusaidia ndo ukaondoka, na ulivyoondoka ukawa unakwenda sawasawa na ule mwepesi. Nikasimama katikati ya njia kama mjinga. Magunia matano yamesukumwa na watu watano, na mwendo ni uleule wa gunia moja na mtu mmoja. Nguvu ya ziada haijapotea popote, imeliwa na ule ugumu wa mzigo kuanza mwendo! Jiwe kubwa dunia inalivuta mara tano, lakini pia ni zito kuamka mara tano. "Mama pisha njia!" Nikapisha.

Nikawa nimepata jibu nusu. Nusu kwa sababu namjua yule binti, atauliza kwanini viwe mara tano kote kote, kwanini isiwe tano huku na nne kule.

Saa 1 usiku dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu. "Mangi nipe unga wa sembe, mfuko wa kilo tano." "Wa tano umeisha madam, nikupe za kilo moja moja tano?" Akazipanga kaunta, tano, akachukua kamba akazifunga pamoja zisinisumbue njiani. Nikamwambia fungua. Akanitazama. Nikamwambia hebu fungua kwanza, alafu funga tena. Mteja wa nyuma akaguna.

Pakiti tano zikidondoka bega kwa bega, zinafanana, hakuna ya kumtangulia mwenzie. Sasa nikizifunga kwa kamba ghafla zimekuwa mzigo mmoja wa kilo tano. Kamba imezipa haraka gani? Hamna. Kila pakiti imekuja na mvuto wake na uvivu wake mwenyewe, ukiongeza pakiti unaongeza vyote viwili kwa mkupuo, huwezi kuongeza kimoja ukaacha kingine. Hiyo ndo tano kote kote. Galileo alishalifikiria hili la kufunga mawe mawili pamoja na kuliandika 1638, nilisoma chuoni nikajibu mtihani nikafaulu, na sikuwahi kulielewa mpaka Mangi aishiwe mfuko mkubwa.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Mtoto nikamwita aje aone, nikapanda kwenye stuli, mkono mmoja pakiti moja, mwingine nne zilizofungwa, nikaachia juu ya godoro. Pu! Pamoja. Mtoto anapiga makofi, "Mama tena!" Nikarudia, safari hii pakiti moja ikapiga ukingo wa kitanda ikapasuka, unga mpaka kwenye neti.

Mama mkwe akatokea mlangoni. "Kuna nini humu?"

"Mvutano wa dunia, mama."

Akaangalia godoro, akaangalia neti, akaniangalia mimi juu ya stuli. "Haya. Basi huo mvutano ukimaliza ufagie."