Stempu za marehemu: usibandue kitu kwanza

Mzee aliyekusanya stempu akifariki, aghalabu huacha albamu mbili tatu, na pembeni yake furushi la bahasha kuukuu zilizofungwa uzi. Warithi huifungua albamu wakaiona ni mali, na bahasha wakaziona ni taka. Kwa stempu za Zanzibar mara nyingi ni kinyume chake. Stempu ya karafuu ya mwaka 1957 iliyobanduliwa na kuoshwa haina shida kupatikana. Bahasha nzima iliyopita posta ya Wete au Mkoani kule Pemba, enzi za Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub, muhuri unasomeka na tarehe ipo, hiyo ni adimu, na ikishakatwa pembe hairudi tena. Basi usikate, usibandue wala usiloweke chochote mpaka ujue ulichonacho.

Na kabla ya yote, stempu ni mali ya marehemu kama shamba au nyumba. Kwa Waislamu hutangulia gharama za maziko, madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wakapata mafungu yao: mke thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Anayekaa na albamu kwa sasa ameshika amana tu. Piga picha kila ukurasa mbele ya wenzako siku ile ile ya kwanza, ili baadaye isizuke kauli kwamba kuna stempu imetoka. Kugawana kurasa ni hasara kwa wote. Seti ya Uhuru ya Disemba 1963 ina stempu 4, na ukimpa kila ndugu moja umeivunja seti. Afadhali mmoja aichukue yote kwa thamani mliyokubaliana, wengine wafidiwe kwa kitu kingine, au iuzwe yote igawiwe fedha. Pakiwa na mtoto mdogo, au maelewano yakikosekana, nendeni kwa kadhi.

Wakati mnashauriana, adui hangoji. Kwetu adui mkubwa ni unyevu. Kuta za Mji Mkongwe za mawe na chokaa hunyonya maji, na kabati lililoegemea ukuta wa nje wakati wa masika huwa chungu cha mvuke. Ukiona vidoa vya rangi ya kutu kwenye meno ya stempu au pembezoni mwa ukurasa, hiyo ni koga iliyoanza kula karatasi. Inaenea. Itoe stempu hiyo, iweke peke yake katika bahasha ya karatasi, usiirudishe kati ya nzima. Usiisugue na usiitie dawa ya kuondoshea madoa, kwani madawa hayo hula rangi ya stempu pamoja na doa.

Albamu isimame wima kama kitabu, isilazwe chini ya mzigo. Mgandamizo na joto hulainisha gundi, stempu mpya zikashikana na ukurasa. Iweke chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje, mbali na jua, na mbali na mahali panapofukizwa udi, maana moshi wake huacha utando wa mafuta kwenye karatasi. Vile vifuko vyenye chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya viboksi vya viatu vinasaidia, lakini vikishashiba unyevu havifanyi kazi mpaka vikaushwe kwa moto mdogo. Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuifunga albamu ndani ya mfuko wa plastiki siku ya mvua: unakuwa umeufungia unyevu humo humo. Zile albamu za picha zenye kurasa za kunata ni hatari zaidi, na plastiki laini inayonuka kama mpira hutoa mafuta yanayobadilisha rangi ya stempu. Utepe wa gundi usiuguse kabisa.

Stempu zikishikana mgongo kwa mgongo, zisivutwe. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka sifongo iliyolowa na kukamuliwa vizuri, juu yake kijiwavu, na stempu juu ya kijiwavu zisiguse maji. Funika, uwe unaangalia kila baada ya saa moja. Gundi italegea kwa mvuke na stempu zitaachana zenyewe. Kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 30 ni kwa stempu za kawaida zilizotumika, zilizo juu ya vipande vya bahasha vilivyokwisha kukatwa. Hata hapo, kipande cha bahasha ya rangi kiloweshwe peke yake kwa sababu hutoa rangi. Stempu za zambarau na kijani za makoloni ya Uingereza nyingine zilipigwa chapa kwa wino uliokusudiwa kuchuja zikitiwa maji, ili watu wasizioshe wakazitumia mara ya pili. Shika stempu kwa kibano chenye ncha bapa. Vidole vina jasho.

Sasa kutambua. Posta ya kwanza hapa ilikuwa ya India, ilifunguliwa 1868 kwa muda mfupi kisha ikarudi 1875. Kwa hiyo stempu ya India yenye uso wa Malkia Victoria na muhuri wa duara ulioandikwa ZANZIBAR ni ya kwetu, ingawa stempu yenyewe haitaji kisiwa. Watu huzitupa kwenye rundo la India. Mwaka 1895 stempu hizo zilipigwa neno Zanzibar juu yake kwa chapa, na chapa ile ilikuwa na makosa, maarufu ni “Zanzidar”. Makosa hayo yameghushiwa sana, hivyo usijipe moyo kabla kosa hilo halijaonwa na mjuzi. Wafaransa walikuwa na posta yao hapa 1889 hadi 1904, Wajerumani 1890 hadi 1891. Stempu ya Ufaransa iliyopigwa bei ya anna (sarafu ya zamani ya India), au ya Ujerumani yenye muhuri wa Zanzibar, iwekwe kando.

Mwaka 1896 zikaja za Sultani Hamad bin Thuwaini zenye bendera mbili nyekundu, 1899 za Hamoud, 1904 za tughra, yaani saini ya kisultani ya herufi zilizofumana, ya Ali bin Hamoud. Bei za anna zikiisha na senti za rupia zikianza, uko 1908. Senti na shilingi zinaanza 1936. Za Sayyid Khalifa za kuanzia 1914 zipo juu ya karatasi mbili zenye alama ya maji tofauti, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi, mwandiko wa herufi CA ukiwa wa kuchapwa au wa mkono. Ilaze stempu kifudifudi juu ya sahani nyeusi uitazame kwa pembeni. Stempu kubwa za rupia zenye jahazi zinavutia macho, lakini nyingi zilibandikwa kwenye hati za serikali, si barua. Zenye alama ya kalamu zina thamani ndogo sana kuliko zenye muhuri wa posta, na wapo waliofuta kalamu wakagonga muhuri wa uongo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwepo ziligongwa “JAMHURI 1964” kwa muhuri wa mkono, baadaye kwa mashine. Ule wa mkono umekaa upande, wino haulingani, na kila kipande kina sura yake. Ndiyo maana ni rahisi kuughushi, na ndiyo maana bahasha ya wakati ule iliyosafiri kweli ina maana kuliko seti safi. Zanzibar iliacha kutoa stempu zake mwishoni mwa 1967. Zile stempu kubwa za Tanzania za miaka ya 1980 na 1990, za samaki, magari na wacheza mpira, nyingi ziligongwa muhuri kiwandani kwa ajili ya wakusanyaji. Geuza: ukikuta gundi nzima nyuma ya stempu yenye muhuri, ndizo hizo. Wape watoto wa skuli wafurahi nazo.

Ukitaka kuuza, fahamu kwamba bei iliyomo kwenye katalogi ya Stanley Gibbons, kitabu cha bei za stempu, ni bei ya dukani kwa stempu isiyo na dosari. Mnunuzi hutoa sehemu ndogo ya hiyo, na jino moja lililokatika, mkunjo au karatasi iliyochubuka nyuma huishusha zaidi. Kuuza mojamoja kwa wapita njia huondosha zile chache nzuri, ukabaki na rundo. Skani kurasa bora na bahasha zote, mbele na nyuma, kwa ukubwa wa nukta 600 kwa inchi (dpi), kisha uwaandikie East Africa Study Circle, watu waliojikita katika posta za Afrika Mashariki. Cheti cha uhalali, kama cha Royal Philatelic Society London, kina gharama yake, kiombee kipande chenye thamani kubwa tu. Na kabla ya kutoa kitu cha zamani nje ya nchi, ulizia kwanza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Lakini naomba bahasha zenye barua ndani zisiuzwe haraka. Soma kwanza. Pana siri za ndoa, za madeni, za watu ambao watoto wao wapo hai. Barua na bahasha yake visitenganishwe, maana tarehe ya muhuri ndiyo inayothibitisha barua. Kama familia haitaki kuzihifadhi, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni mahali pa kuanzia kuuliza. Peleka orodha iliyoandikwa: anwani, tarehe, posta iliyogonga, idadi ya karatasi zilizomo. Nakala mbili, zote zitiwe saini na anayepokea na warithi, na muandike humo kama barua ziruhusiwe kusomwa sasa au baada ya miaka mtakayokubaliana.