Mawe Manne ya Redio

Umeme ulikatika Desemba 2009 na haukurudi Unguja mpaka Machi 2010. Ilitokea hitilafu kwenye njia ya umeme wa baharini kutoka Bara, na kisiwa kizima kikakaa giza karibu miezi mitatu. Wapemba wakati ule walikuwa bado wanatumia majenereta yao, wakatucheka, na haki yao, maana miaka yote sisi ndio tuliokuwa tukiwacheka wao. Habari ya maji kukosekana bomba zima na samaki kuoza sitaieleza, kila aliyekuwepo anayo yake na zote zinafanana. Yangu ni ya kaseti.

Nilikuwa na miaka 14. Ndani hakukaliki kwa joto, basi baada ya Isha nyumba nzima ilihamia barazani, pale kwetu Malindi: bibi na mkeka wake, ami na redio kaseti yake, sisi watoto kwenye ngazi, na koroboi moja ambayo bibi aliipunguza utambi kila mtu akigeuka.

Ami alikuwa baharia. Ametumia umri wake kwenye meli za watu, na kila safari alirudi na kitu kimoja cha maana na sanduku zima la upuuzi. Redio ile ilikuwa ya maana. Ilikula mawe manne makubwa, yaani betri, na mawe nayo yalipanda bei giza lilipoingia tu. Mchana tuliyaanika juu ya paa kama watu wanavyoanika karafuu. Yakizidi kuchoka, ami aliyauma kwa magego, moja moja, mpaka yabonyee.

"Utakufa na sumu," bibi akimwambia.

"Meno yangu, mama."

Kaseti yenyewe alikuwa amerekodishiwa na mtu, na kwenye karatasi ya ubavuni aliandika kwa mkono wake, herufi kubwa: KWINI, yaani Queen, bendi ya Uingereza. Mkanda ulishawahi kukatika akauunga kwa selotepu, na pale penye kiungo wimbo uliruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa akajifanya hakujikwaa. Kurudisha nyuma kwa redio ilikuwa marufuku, kunamaliza mawe. Kazi hiyo nilipewa mimi na kalamu ya Bic. Ile kalamu ya pembe sita ikiingia kwenye tundu lenye meno inakaa barabara, utadhani vimetoka kiwanda kimoja. Nikizungusha mpaka kiganja kinapata joto.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa Februari, hakuna mwezi. Ami kwanza alituonyesha "We Will Rock You", wimbo wa 1977. Akasema humo hakuna ngoma hata moja, ni watu wanapiga miguu na makofi. Hatukuamini. Akazima redio, akatupanga: miguu miwili chini, kofi moja. Sisi sita, pekupeku, kwenye baraza la saruji. Baraza la Malindi si jukwaa, lakini uchochoro ule mwembamba uliirudisha sauti ikaja kubwa kuliko tulivyoitoa, na paka wote wakakimbia.

Hapo ndipo alipotuhadithia. Jumamosi, tarehe 12 Julai 1986, meli yao imefunga Tilbury, na mpishi wa meli, Mgoa mmoja, ana tiketi ya ziada ya kwenda uwanja wa Wembley, London. Ami hakujua anakwenda kumwona nani. Alikwenda kwa sababu tiketi ilikuwa ya bure.

"Watu wangapi, ami?"

"Zaidi ya elfu sabini. Ujaze Amaan mara nne, bado wengine wako nje."

Kumbe ni hao Kwini. Kwa alipokaa, mwimbaji wao alikuwa kama kijiti cha kibiriti. Kijiti cha njano, maana alivaa koti la njano. Mkononi ana maikrofoni yenye mti uliokatika katikati, anauchezesha kama mzee mwenye bakora. Anatoa sauti moja tu, eeeo, na uwanja mzima unamrudishia. Anaipandisha, wanapandisha. Anaikunja, nao wanaikunja. Ulipofika wimbo wa "Radio Ga Ga", mikono yote ikaenda juu, ikapiga makofi pamoja, ikarudi, na ami akasema kitu pekee alichowahi kukiona kinachofanana na kile ni safu ya maulidi ya homu, watu wanavyoinama na kuinuka kwa pumzi moja.

"Usilinganishe," bibi akasema gizani.

"Silinganishi, mama. Nasema mikono tu."

Mwisho mwimbaji alitoka na taji kichwani na joho la kifalme, Mgoa akawa analia. Ami akarudi melini, akalala, kesho yake kazini.

Ilipita miaka mitano. Novemba 1991 yuko Rotterdam, akaona gazeti la Kiingereza limeachwa kwenye meza ya kulia chakula. Mwimbaji yule, Freddie Mercury, amekufa, tarehe 24. Na chini ya picha imeandikwa kazaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946, jina lake la kwao Farrokh Bulsara.

"Nilisoma mara tatu," ami akasema. "Kijiti kile cha njano ni mtoto wa hapa. Mparsi. Baba yake alikuwa keshia wa Mahkama Kuu. Wameondoka 1964, wakaenda Uingereza. Na mimi nimekaa pale usiku mzima na mdomo wangu mmoja, sina habari. Ningelijua, wallahi, ningelimwita."

"Ungelimwitaje?"

"Ewe, wa Shangani!"

Alilisema kwa sauti hasa, na mtu mmoja aliyekuwa akipita na tochi akaitika, "Naam?"

(Siku hizi ukenda Shangani kuna nyumba ina jina lake kwa maandishi ya dhahabu na wageni wanapiga picha mlangoni. Ukimuuliza mtembeza wageni mwengine atakupeleka nyumba nyengine. Ami alikuwa hana haja na nyumba. Ugomvi wake ulikuwa ni ile tiketi.)

Nikamgeukia bibi, kwa tamaa, nikitegemea atasema alimjua yule keshia, au alimwona mtoto akicheza. Bibi akafikiri kweli kweli. Halafu akasema watoto wa makarani walikuwa wengi.

"Alisomea wapi?"

"India huko, mama. Panchgani, njia ya Bombay."

"Ah, Bombay. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kutia sauti kwenye santuri." Kwa bibi jambo hilo lilimaliza mjadala: huyo wa ami alifuata njia iliyokwishatengenezwa. Akatuambia mama yake alikuwa na santuri moja ya Siti, na kila ikipigwa alifunga dirisha la uchochoroni ili majirani waisikie kwa kubisha hodi.

Ami akaweka wimbo wa mwisho, "Bohemian Rhapsody". Alijua mawe yamekwisha lakini alishajipalia makaa kwa kuuhadithia. Mwanzo ulitoka vizuri. Baadaye sauti ikaanza kushuka, taratibu, na yule mtu anayesifiwa dunia nzima kwa sauti ya juu akawa mzee aliyeamshwa usingizini. Kinanda kikavuta miguu. Na katikati ya uzito ule, likaja neno moja ambalo kila mtu pale barazani alilijua tangu hajaota meno.

Bibi akainuka kwenye mkeka. "Nani huyo anasoma?"

"Ndiye huyo huyo, mama."

"Amesema Bismillahi."

"Amesema. Na pale Wembley, wakifika hapo, wote wanatoka jukwaani. Kipande hicho kinapigwa kwa kanda. Wanarudi kikisha."

"Basi wao na kanda, sisi na kanda," bibi akasema, akalala tena, ameridhika.

Miaka baadaye nimeusikia wimbo ule mzima, dakika 5 na sekunde 55, kwa mwendo wake wa haki, kwenye mkahawa wenye kiyoyozi. Niliuona una haraka. Mpaka leo nangojea uchoke pale nilipouzoea kuchoka.

Usiku ule haukufika mwisho. Mkanda ulinguruma, ukasimama, taa nyekundu ya redio ikazimika. Ami akayatoa mawe, akauma moja, akalitema kwa hasira.

Nikamuuliza, "Unamalizika vipi?"

"Kwa upole. Halafu upatu, mara moja."

Bibi, bila kufungua macho, akaniambia niende jikoni nikalete sinia ya shaba. Nikaipapasa gizani, nikaileta. Ami akaining'iniza kwa vidole viwili, akangoja kidogo, akaigonga kwa fundo la kidole. Ikalia kwa muda mrefu, ikaenda mpaka mwisho wa uchochoro.

Dirisha la juu likafunguliwa. Jirani akatoa kichwa.

"Jamani, umerudi?"

"Bado," bibi akajibu. "Lala."