Sistimu iliyokataa ng'ombe

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye hapa Kisumu, na kuna duka la agrovet (dawa na mahitaji ya mifugo na shamba) karibu na hapo ambalo mimi ndio huangalia sistimu yao, kwa hivyo simu ikiingia Jumapili asubuhi najua kumeharibika. Dada wa kaunta akaniambia, "Fundi, hii kitu inakataa ng'ombe. Nikiandika mbuzi inaleta, kuku inaleta, ng'ombe inaandika erro tu." Na foleni iko mlangoni.

Nilijua hapo hapo ni ile ritifaa, yaani hiyo alama ya ' kwenye ng'. Aliyeandika hiyo programu kabla yangu alikuwa analishona neno ndani ya swali la databesi moja kwa moja:

"SELECT * FROM bidhaa WHERE jina LIKE '%" + neno + "%'"

Sasa weka ng'ombe hapo. Databesi inasoma '%ng' inadhani neno limeisha, halafu inakutana na ombe%' na haijui hiyo ni nini. Na kama ng'ombe tu anaweza kuvunja swali, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuligeuza kabisa asome rekodi zisizomhusu. Wengine husema basi zuia hiyo alama. Hapana jamani, huku tuna Ng'iya, tuna Nyang'oma, na majina ya watu kibao yenye ng', utakataza watu kuandika kwao?

Dawa ni paramita: swali linaenda na alama ya ?, neno linakuja kando, na databesi hailichanganyi na amri. Lakini hapa ndipo wengi hukwama, hata mimi nilikwama, unaandika LIKE '%?%' na Python (lugha ya programu tunayotumia) inakwambia swali linataka thamani 0 na wewe umeleta 1. Iko sawa kabisa, kwa sababu ? ikishafungiwa ndani ya nukuu inakuwa herufi tu kama a ama b. Zile %, ambazo kwa LIKE maana yake ni "chochote kile", zinafaa kusafiri pamoja na neno:

cur.execute("SELECT * FROM bidhaa WHERE jina LIKE ?", ("%" + neno + "%",))

Ukitaka kuunganisha ndani ya SQL yenyewe (lugha ya kuuliza databesi), kwa databesi za SQLite na PostgreSQL unaandika '%' || ? || '%', MySQL ni CONCAT('%', ?, '%').

Ng'ombe akapita, nikadhani kazi imeisha. Kumbe bado. Dawa ya minyoo ya albendazole inauzwa ya 2.5% na ya 10%, dada akaandika "10%" na skrini ikamletea zote mbili, juu kabisa ile ya 2.5% ya chupa ya 100ml. Yaani % aliyoandika yeye ilisomwa kama "chochote kile", na 100ml ina 10 ndani yake. Hiyo si kitu ndogo, nguvu ya hizo dawa inapishana mara nne na mtu anaenda kumnywesha ndama! Paramita inalinda swali lisivunjwe, lakini maana ya % na _ ndani ya LIKE haiigusi (_ ni herufi moja yoyote). Hiyo ni kazi yako:

neno = neno.replace("!", "!!").replace("%", "!%").replace("_", "!_")

halafu kwa swali unaandika LIKE ? ESCAPE '!', yaani alama iliyotanguliwa na ! isomwe kama herufi tu. Anza na ! yenyewe, ukiiweka mwisho utaharibu zile ulizoongeza. Nimechagua ! kwa sababu bakslashi (\) inachanganya, MySQL na PostgreSQL zinaitambua bila kuambiwa lakini SQLite haitambui yoyote mpaka useme.

Kuhusu spidi, % ikikaa mwanzoni indeksi ya kawaida (orodha ya kuharakisha kutafuta) haisaidii, databesi inapitia mstari kwa mstari. Kwa duka kama hili hata hutaona tofauti, ukiwa na mamilioni ya rekodi ndio uangalie vifaa vya kutafuta maandishi haraka, FTS5 ya SQLite ama pg_trgm ya PostgreSQL.

Jioni mwenye duka akajaribu na iPhone yake, ng'ombe hakuna. Hakuna erro, hakuna ng'ombe. Nikaangalia herufi moja moja: simu yake inaandika ng’ombe na ritifaa iliyopinda, databesi iko na ile iliyonyooka. Siku hizi nabadilisha ’ kuwa ' kabla ya kutafuta na pia kabla ya kuhifadhi.