Kilengeo cha mbele kilipotoweka: nilivyohamia nukta nyekundu

Ukivuka miaka hamsini, kitu cha kwanza kukuaga kwenye bastola ni kilengeo cha mbele. Changu kilianza kwa kuwa na ukungu jioni, baadaye hata saa sita mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, nikawa naona kivuli tu mahali palipokuwa na nukta nyeupe. Daktari wa macho alinipima akasema sina ugonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa umri unavyosonga, na uwezo wa kuona vya karibu hupungua. Mikono ikiwa imenyooka, kilengeo cha mbele kiko sentimita sitini au sabini kutoka jichoni, hapohapo ambapo jicho langu limekataa. Nikivaa miwani ya kusomea nakiona kilengeo safi, lakini shabaha inageuka wingu. Nikivua, shabaha ipo, kilengeo hakipo.

Bastola yangu ni ya milimita tisa, ninayo kwa leseni tangu zama za kununua mahindi na alizeti Kibaigwa kwa fedha taslimu. Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu, lakini silaha ningali nayo, na sioni maana ya mtu kukaa na silaha asiyoweza kupiga nayo anapokusudia. Risasi inayokosa shabaha haipotei hewani, inakwenda kumkuta mtu au kitu. Ndiyo maana nikaanza kuulizia hivi vilengeo vya nukta nyekundu.

Nianze na namna kinavyofanya kazi, maana wengi wanakichanganya na leza. Leza hurusha mwanga hadi kwenye shabaha, na kila mtu anauona. Kilengeo cha nukta hakirushi kitu huko mbele. Ndani kuna kitaa kidogo sana cha LED kinachomulika kioo kilichopinda kidogo, chenye utando unaorudisha rangi nyekundu na kuacha rangi nyingine zipite. Mwanga ule unarudi jichoni ukiwa umenyooka, kwa hiyo jicho linaiona nukta ikiwa mbali, kule kule kwenye shabaha. Hapo ndipo mtu wa umri wangu anapopumua. Huhitaji tena kuangalia vitu vitatu vilivyo umbali tofauti, yaani kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha. Unatazama shabaha tu, nukta inakaa juu yake. Hata nukta isipokuwa katikati ya kioo, risasi itakwenda karibu sana na pale ilipo nukta.

Teknolojia yenyewe si mpya. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo cha umeme cha nukta nyekundu mwaka 1975. Kilichochelewa ni kukifanya kiwe kidogo na kigumu kiasi cha kukaa juu ya bastola. Trijicon ya Marekani ilileta kilengeo chake kidogo kiitwacho RMR mwaka 2009, na mwaka 2015 Glock wakaanza kuuza bastola zilizokatwa tayari sehemu ya juu kwa ajili ya kufunga vilengeo hivi. Ugumu ni kwamba kilengeo kinafungwa kwenye slaidi, yaani hiyo sehemu ya juu ya bastola, na slaidi ndiyo inayorudi nyuma kwa kishindo na kurudi mbele kila risasi moja. Kioo, betri na waya vyote vinarushwa navyo. Vingi vya bei ya chee vinavyouzwa mitandaoni vimetengenezwa kwa bunduki za kuchezea. Mwenzangu mmoja alikifunga cha aina hiyo, na nukta ikazimika kabla hajamaliza boksi la risasi.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda kuuliza kwa askari wanaoshughulikia leseni. Silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sikutaka kuja kuulizwa maswali barabarani juu ya kitu nilichofunga mwenyewe uani. Nikaelekezwa nipitie kwa muuzaji mwenye leseni na nisiguse namba za silaha. Nawe ukaulize kwako, usichukue maneno yangu kuwa kibali.

Kwenye kuchagua, kilichonisumbua kuliko bei ni vumbi. Vilengeo viko vya aina mbili. Vya wazi, ambavyo kitaa kimekaa nyuma ya kioo kimoja bila kufunikwa, na vya kufungwa, ambavyo kitaa kimezibwa kati ya vioo viwili ndani ya kisanduku. Cha wazi ni chepesi na kina bei nafuu kidogo. Lakini chembe moja ya uchafu au tone la mvua likikaa juu ya kitaa, nukta inaharibika au inapotea kabisa. Anayeishi huku anajua upepo wa Julai na Agosti unavyobeba ule udongo mwekundu. Unaukuta hadi ndani ya kabati lililofungwa. Mimi nilichagua cha kufungwa bila kujishauri mara mbili. Vumbi likikaa kwenye vioo vyake vya nje, nalipuliza kwa kipulizio cha mpira, kisha nafuta kwa kitambaa laini. Usifute kwa shati. Mchanga wa Dodoma ni msasa, utaukwangua utando wa kioo na hutaurudisha.

Jambo la pili ni betri. Vingi vinatumia za mduara bapa, lakini si za namba moja. CR2032 unaipata kwenye duka lolote la simu pale Majengo, maana ndiyo ya rimoti za magari na vitu vingine vingi. CR1632 na CR1620 utazunguka kuzitafuta. Tena angalia betri inaingilia wapi. RMR ile ya mwanzo betri yake iko chini, kwa hiyo kila ukibadilisha unafungua kilengeo kizima, na ukishakirudisha ni lazima uende uwanjani kuhakiki kama bado kinapiga palepale. Nilichonunua kina kimlango pembeni.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA, kipimo cha pembe ndogo sana, na 1 MOA ni kama sentimita 2.9 kwenye umbali wa mita 100. Kwa bastola hesabia mita 25: nukta ya 3 MOA inafunika kama sentimita mbili, ya 6 MOA sentimita nne na ushee. Wanaoshindana hupenda kubwa kwa kuwa inaonekana haraka, wanaotaka kugonga tundu dogo hupenda ndogo. Kwa macho yangu nukta ndogo iling'aa vizuri zaidi, ile kubwa ilichanua pembeni.

Kuchanua huko kuna habari yake. Nilipotazama kilengeo cha kwanza dukani niliona nyota yenye mkia badala ya nukta, nikadhani ni kibovu. Muuzaji, kijana mtaratibu, akanishauri, "Mzee, hebu ipige picha kwa simu." Nikaipiga, na kwenye picha nukta ilikuwa duara kamili. Kumbe kioo cha mbele cha jicho langu hakijalingana mviringo, ile hali inayoitwa astigmatizimu, na watu wengi wanayo bila kujua. Dawa yake ni miwani sahihi ya kuonea mbali, pamoja na kupunguza mwanga wa nukta hadi ibaki inaonekana tu. Wapo ambao nukta ya kijani inawatulia zaidi. Mimi niliijaribu nje ya duka, nikaona haina tofauti inayostahili kumaliza betri mapema.

Kuhusu mwanga, epuka kutegemea ile ya kujirekebisha yenyewe. Uwanja tunaotumia una banda la bati la kusimamia, na shabaha ziko kwenye jua kali, nyuma yake kuna tuta la udongo. Kihisio kinapima mwanga wa pale kilipo kilengeo, yaani kivulini, kinapunguza nukta. Wewe unatazama juani, nukta huioni. Vibonyezo vya mkono ndiyo suluhisho.

Kufunga nilimwachia fundi wa silaha. Nilikaa pembeni ya meza yake nikimtazama. Alifuta matundu ya skrubu kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, akaweka bamba la kushikia kilengeo, akatia tone dogo la gundi ya nati ya buluu, kisha akakaza kwa bisibisi inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu, zamu kwa zamu, skrubu hii na ile. Mwisho akachukua kalamu ya rangi nyeupe, akachora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Ni kazi ya sekunde chache, na ndicho kitu cha kwanza ninachotazama kila nikiitoa bastola kwenye kasha. Vilengeo vya zamani vya chuma aliviacha, vinaonekana chini ya kioo, ili umeme ukizimika nisibaki kipofu. Mkoba wa ngozi niliouzoea haukupokea tena bastola ikiwa na kilengeo, ikabidi ninunue mgumu wenye mdomo uliokatwa juu.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi. Nilikalisha mikono juu ya kiroba cha mchanga, nikaanza mita 10, nikapiga risasi tano kwa utulivu, nikatazama kundi la matundu limeangukia wapi badala ya kufukuza risasi moja moja. Kila mlio wa skrubu ya kurekebishia kwenye changu ni 1 MOA, ambayo kwa mita 10 ni kama milimita tatu tu, kwa hiyo usiogope kuzungusha. Kisha nikamalizia mita 25. Tumia risasi za aina ileile utakayoendelea nayo, kwa sababu ukibadili uzito wa risasi kundi linahama. Na ukumbuke kilengeo kimekaa sentimita mbili hivi juu ya mtutu. Ukipiga kitu kilicho hatua tatu mbele yako, risasi itagonga chini kidogo ya nukta.

Sasa niseme kilichokuwa kigumu kweli, ambacho hakiuzwi dukani. Ukiinua bastola yenye vilengeo vya chuma, hata ikiwa imepinda, kuna kitu utakiona na utakirekebisha. Ukiinua yenye nukta ikiwa imepinda, unaona kioo kitupu. Hapo watu wengi huanza kuzungusha mikono kutafuta nukta, na muda unakwisha. Mwalimu wetu wa shabaha, askari mstaafu tunayemwita Afande mpaka leo, alinisimamisha.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Nukta, Afande."

"Usiitafute. Itazame shabaha, halafu ilete bastola machoni. Kichwa chako kikae palepale, usikichomeze kama kobe."

Akanieleza kwamba nukta ikikosekana, karibu kila mara mdomo wa mtutu umeinuka, kwa hiyo nukta imepitia juu ya kioo. Akanifundisha kukaza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mdomo unashuka wenyewe na nukta inadondoka ndani. Nililifanyia zoezi hilo nyumbani kwa bastola tupu: magazini nje, chumba cha risasi nimekitazama na kukipapasa kwa kidole, risasi zote ziko chumba kingine kwenye kufuli, na ninaelekea ukuta wa tofali usio na mtu nyuma yake. Dakika chache kila jioni baada ya taarifa ya habari. Ilichukua wiki kadhaa kabla nukta haijaanza kunisubiri.

Zoezi jingine la Afande nililicheka mwanzoni. Alibandika kipande cha utepe wa karatasi mbele ya kioo, upande wa shabaha, nikawa siwezi kuona chochote kupitia kioo isipokuwa nukta. "Macho yote mawili wazi," akasema, "piga." Jicho la kulia linaona nukta, la kushoto linaona shabaha, na ubongo unaziunganisha. Ukikosea ukaikodolea nukta, shabaha inatoweka papo hapo, kwa hiyo utepe unakukatalia tabia mbaya. Kundi langu siku ile lilikuwa dogo kuliko nilivyopiga bila utepe.

Na mtetemo. Nukta inaonyesha kila kutikisika kwa mkono, jambo ambalo chuma kilikuwa kinakuficha. Mkono haujaanza kutetemeka leo, ila sasa unauona. Kishawishi ni kuvizia nukta ipite katikati, kisha kunyakua triga kwa haraka, na hapo ndipo risasi inapokwenda chini kushoto. Iache icheze ndani ya duara, wewe endelea kuvuta triga taratibu.

Betri nabadilisha kila Nane Nane, hata kama ya zamani bado inawaka, kwa kuwa siku hiyo lazima niwe mjini kwenye maonesho ya Nzuguni na tarehe haisahauliki. Skrubu natazama ule mstari mweupe. Vioo napuliza.

Mwenzangu wa Kibaigwa, wa miaka thelathini na kitu, ameshaanza kuniuliza kama apeleke bastola yake kukatwa slaidi. Nimemwuliza anaona kilengeo cha mbele? Anasema vizuri kabisa. Nimemshauri fedha hiyo anunulie risasi za mazoezi na amlipe Afande, na hilo la kukata slaidi tutalizungumza macho yake yakianza kumsumbua.