Miguu itakapoteleza

Jana Kampala mvua imetupiga tangu alfajiri, na boda iliyonibeba ikateleza pale kwa mteremko wa udongo mwekundu karibu na kwetu. Hatukuanguka, asante Mungu, lakini moyo ulibaki kule juu mimi nikashuka bila huo moyo, na wa kwanza kunijia kichwani hakuwa mama, alikuwa Jonathan Edwards. Mhubiri wa Marekani aliyekufa 1758, jamani!

Mahubiri yake niliyasoma mwaka jana kwa simu, yale ya wenye dhambi mikononi mwa Mungu mwenye hasira. Aliyahubiri mji wa Enfield, huko huko Marekani, tarehe 8 Julai 1741 na andiko lenyewe ni kipande tu cha Kumbukumbu la Torati 32:35, pale penye miguu yao kuteleza. Basi. Yaani mtu amesimama penye utelezi, hakuna anayemsukuma, uzito wake mwenyewe unatosha kumwangusha, na kama mpaka leo hajaanguka ni Mungu tu anamshika, tena kwa hiari yake, akiachia saa hii hajakukosea kitu. Hapo nilizima simu nikakaa. Mbele kidogo kuna buibui ameshikwa juu ya moto, wengi wanakumbuka huyo, mimi buibui hanisumbui, ule utelezi ndo haujanitoka.

Siku ile watu walilia mpaka akashindwa kumaliza. Mchungaji Stephen Williams alikuwepo, akaandika kwenye shajara yake kwamba nyumba nzima ilijaa vilio, watu wanauliza wafanye nini waokoke. Na Edwards wala hakuwa na sauti kubwa! Mimi nimekulia Busia, nyanya alikuwa mulokole, wale waliookoka wa zamani wa wimbo wa Tukutendereza, moto wa jehanamu tuliusikia tukiwa bado tunanyonya, na siku hizi pale paki ya teksi mhubiri ana spika kubwa kuliko yeye mwenyewe, anapiga hukumu tangu asubuhi na watu wanahesabu chenji zao. Kelele unazizoea. Lakini mtu akikuambia polepole, hebu angalia umesimama wapi, utamzoea vipi huyo?

Kitu kimoja kilinikera lakini. Huyo huyo Edwards mwaka 1731 alinunua msichana Mwafrika kule Newport, wakamwita Venus, alimnunua kama vile sisi tunanunua mbuzi. Miaka 10 baadaye anawaambia watu wa Enfield miguu yenu inateleza, na yako je mzee? Nilitaka kuyaacha kabisa mahubiri yake. Halafu nikarudi kwa lile andiko nikaona halikumruka hata mhubiri.

Basi yule wa boda akaniuliza, bosi umeogopa? Nikamwambia wapi, nikamlipa. Alipokata kona nikavua viatu, nikamalizia ule mteremko kwa miguu, nimeshika ukuta wa jirani.