Vifaa vya ufundi vya nyumbani: anza na kazi, boksi achana nalo

Watu wengi wakiamua kuwa na vifaa vyao nyumbani kitu cha kwanza wanachonunua ni lile boksi la plastiki, unalikuta limepangwa chini Kariakoo au machinga anapita nalo kwenye foleni, limejaa vitu vinang'aa, bisibisi za kila saizi, soketi ndogondogo za kufungulia nati, nyundo ya kitoto, yani ukilifungua tu unajiona fundi. Mi nakuomba usilinunue. Tatizo sio bei, vitu vya bei nafuu vizuri vipo, tatizo ni kwamba vitu vingi mle ndani hutavigusa mpaka unahama hiyo nyumba, alafu vile vichache utakavyovihitaji kila mara ndo chuma chake laini, unakaza skrubu mbili tatu ncha ya bisibisi imeshalika.

Chukua karatasi kwanza, zunguka nyumba nzima uandike kinachosumbua. Nyumba nyingi za kupanga huku Dar orodha inafanana: koki ya jikoni inadondosha, kitasa kinacheza, bawaba ya kabati imeng'oka, soketi imelegea ukutani, boya la tenki la choo halikati maji, fimbo ya pazia inataka kufungwa. Kila kazi ina kifaa chake, na ukijumlisha unakuta vifaa vyenyewe havifiki hata kumi. Hivyo ndo vya kununua, kimoja kimoja kadri hela inavyopatikana, na kila kimoja kiwe kizima.

Bisibisi ndo ya kwanza na hapa nakaa kidogo maana ndo panapoharibu kazi nyingi. Ya flati inajulikana. Ya stari watu wanadhani ni moja kumbe ziko aina mbili. Angalia kichwa cha skrubu vizuri, kama kuna msalaba peke yake hiyo ni ya bisibisi iliyoandikwa PH, ila kama katikati ya mikono ya msalaba kuna vimistari vinne vyembamba hiyo ni PZ, utaikuta sana kwenye skrubu za makabati na bawaba. Ukiingiza PH kwenye skrubu ya PZ itazunguka, ndio, lakini inateleza inateleza mpaka kichwa kinakuwa shimo tu, na hapo kuitoa ni kazi nyingine kabisa. Namba 2 ndo saizi inayotumika zaidi kwa zote mbili. Mi ninapoenda dukani nabeba skrubu mfukoni, naichomeka kwenye ncha ya bisibisi alafu naitikisa kidogo. Ikikaa bila kuchezacheza, hiyo ndo yako. Ikiyumba rudisha hata kama shina limegongwa muhuri wa Cr-V, hiyo ni alama ya chuma cha kromu na vanadiamu ambacho kweli ni kigumu, ila muhuri mtu yeyote anaweza kugonga.

Plaizi nayo ina kipimo chake. Ifunge, inyanyue juu kwenye mwanga, angalia pale kwenye meno ya kukatia waya. Ukiona mwanga unapenya hiyo haikati, itakuwa inatafuna waya tu. Fungua funga mara kadhaa usikie kama inakwama au inalegea kwenye msumari wake. Inchi 8 inatosha. Na tafadhali sana, ile plastiki ya rangi kwenye mishikio isikudanganye kwamba inazuia umeme, plaizi iliyotengenezwa kwa kazi ya umeme inaandikwa kabisa 1000V kwenye mshikio, kama haijaandikwa we chukulia haizuii chochote.

Alafu spana malaya, inchi 10. Hii moja inafungua nati za koki, za mpira wa sinki, za boya la choo, hata ya mtungi wa gesi kwa zile regulata za kufunga kwa nati. Ukiiangalia dukani zungusha kile kigurudumu chake, taya lipande na kushuka bila kuyumba. Nunua pamoja na thredi tepu, ule utepe wa kuzungushia kwenye uzi wa koki isivuje, na washa za mpira za nusu inchi, vitu vya bei ndogo kweli, maana kazi ya koki inayodondosha inaishia hapo: funga maji kwenye geti valvu, fungua koki maji yaliyobaki yatoke, ondoa mkono wa koki, shika kichwa chake kwa spana ukifungue, ndani utakuta kile kiraba, yani washa ya zamani, kimekauka na kimejichora alama ya duara pale kilipokuwa kinakandamiza, toa weka kipya, rudishia. Hii ni kwa zile koki za kuzungusha, zile za kunyanyua mkono zina katriji ndani na unabadilisha yote. Kama umefungua na sehemu inayoingia ukutani basi zungushia thredi tepu, uzi wa koki ukiwa umekuelekea zungusha kama mshale wa saa unavyoenda, ukizungusha kinyume itajivua yenyewe wakati unakaza na maji yatavuja palepale. Watu wanaweka ndoo chini ya koki miezi na miezi kwa ajili ya kiraba kidogo hivyo, inauma kwakweli ukizingatia maji yenyewe yanavyotafutwa huku kwetu.

Futi ya mita 5, nyundo ya seremala yenye kichwa cha gramu kama 450 na upande wa pili wa kung'olea misumari, hapo hapana maneno mengi. Futi iwe na sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, maana mafundi wetu wanaongea inchi na vipimo vya dukani vinakuja kwa milimita, inchi moja ni milimita 25.4.

Umeme naongea kwa msisitizo. Nunua testa, ile ya bisibisi yenye kitaa ndani. Kabla ya kufungua soketi zima meni swichi, sio swichi ya soketi, meni swichi. Testa ijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme uone inawaka, ndo uzime, alafu urudi kupima pale unapotaka kushika. Testa mbovu haiwaki na hutajua kama ni yenyewe au ni umeme umekata. Umeme wetu ni volti 230, hauna huruma. Kukaza soketi iliyolegea na kubadilisha holda ya taa, sawa, ila mita ya LUKU na waya zinazoingia kwake usiziguse kabisa, hizo ni za TANESCO.

Vyote hivi weka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa ikakauka. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari chuma hakikai, hewa ina chumvi, kwahiyo baada ya kazi futa kwa kitambaa chenye oili ya cherehani matone machache. Na wafundishe watoto wote majina yake na matumizi yake, wa kike wa kiume, natamani sana kuona binti anaondoka kwao anajua kufunga kitasa.

Drili iache iwe ya mwisho. Ni kitu kizuri lakini ni hela, na nyumba haitobolewi kila wiki, unaweza kuazima kwa fundi wa mtaani au ukampa yeye hiyo kazi. Ukifika wakati wake chukua yenye hama, yani inayogonga huku inazunguka, maana kuta zetu ni tofali za saruji, na biti ya ukuta ya milimita 6 na fisha za milimita 6, vile vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu ili skrubu ishike, ziende pamoja. Toboa kina kizidi urefu wa fisha kidogo, pulizia vumbi litoke, fisha igonge taratibu mpaka isawazike na ukuta, skrubu ifuate. Na kabla hujabonyeza, angalia swichi na soketi ziko wapi kwenye huo ukuta, waya mara nyingi unapanda au kushuka wima kutoka pale, kwahiyo juu na chini ya swichi usitoboe, sogea pembeni kabisa.